Mmepanua Kimara–Kibaha mpaka njia nane na foleni bado tunayo. Nani atajibu?

Wakuu,

Nina hasira na sitaificha. Kila ikitajwa foleni ya Dar, jibu ni lile lile: tutapanua barabara. Bajeti ikisomwa, tutapanua. Kampeni zikianza, tutapanua. Watu wanazeeka ndani ya magari na wakubwa wanaendelea kuimba kupanua, ila hakuna anayerudi miaka mitano baadaye kutuambia: tulipanua hapa, na mtu wa Mbezi sasa anafika Posta dakika kadhaa mapema kuliko zamani. Hiyo hesabu haisomwi popote.

Tuanze na Morogoro Road maana ndiyo ninayoishi nayo. Kipande cha Kimara hadi Kibaha, kilomita 19.2, kilikuwa njia mbili, kikapanuliwa kuwa njia nane. Kazi ilianza 2018. Mwaka mmoja kabla yake, matingatinga yalipita Kimara, Mbezi mpaka Kiluvya yakaangusha nyumba zaidi ya elfu moja zilizokuwa ndani ya mita 121.5 kutoka katikati ya barabara, kila upande. Mnaokaa njia hii mnazikumbuka zile X nyekundu ukutani. Kuna watu walijenga pale kwa jasho la miaka yote ya kazi, wakatoka na magodoro na mabati. Watu wakilipishwa gharama kubwa hivyo, wana haki ya kuambiwa matokeo kwa tarakimu.

Sisemi ile barabara ya zamani ilikuwa nzuri. Ilikuwa mateso. Malori ya Zambia na Kongo, mabasi ya mikoani, daladala, bodaboda na gari la mchanga lililokatika ekseli, vyote kwenye njia mbili. Lilikuwa ni lango la nchi nzima na lilihitaji kutengenezwa. Na ilipofunguka, mwanzoni tulipumua kweli. Kisha foleni ikaanza kurudi, leo kidogo, kesho zaidi, na tukarudi kuhesabu taa za gari la mbele.

Kwa nini ilirudi? Hapa ndipo nataka tuelewane, maana wengi mnasema "magari yameongezeka" kana kwamba yameanguka kutoka mbinguni. Yameongezeka kwa sababu tumeyaita. Barabara ikifunguka, jamaa aliyekuwa anatoka kwake saa kumi usiku ili awahi anaamua kulala mpaka saa kumi na mbili, anaingia barabarani pamoja na sisi. Aliyekuwa anazungukia Goba kukwepa jam anarudi barabara kuu. Aliyekuwa anapanda daladala anakopa, ananunua gari dogo la IST, naye anaingia. Watatu hao hakuna aliyekosea, kila mmoja amefanya lenye akili kwake. Ila wote wamekutana Kimara saa moja asubuhi, na nafasi iliyopatikana imekwisha.

Halafu kuna wa nne, na huyu ndiye mkubwa kuliko wote: dalali wa viwanja. Barabara haijakauka lami, matangazo yameshajaa: Kibaha, Visiga, Mlandizi, kiwanja kwa mkopo, "mwendo mfupi tu kutoka mjini". Watu wakanunua. Mimi siwalaumu, kiwanja cha ndani ya mji mfanyakazi wa kawaida atakitoa wapi? Angalieni sensa. Mkoa wa Pwani mwaka 2012 ulikuwa na watu 1,098,668. Mwaka 2022 ukawa na watu 2,024,947. Karibu mara mbili ndani ya miaka kumi. Najua Mkuranga na Bagamoyo nao wamo humo, na si kila mtu alifuata barabara hii. Lakini maelfu ya waliohamia Kibaha kazi zao zimebaki Kariakoo, Posta na bandarini. Tumewasogeza mbali na kazi halafu tunashangaa wakiwa barabarani asubuhi.

Na hao wote wanakwenda wapi? Njia nane zinakuja mpaka Kimara. Kutoka hapo kwenda Ubungo, Manzese na Magomeni, gari la kawaida lina njia mbili kila upande, katikati ni ya mabasi ya mwendokasi. Yaani mmetanua tumbo la chupa na mdomo mmeuacha vile vile. Pale Ubungo tukajengewa Daraja la Kijazi, likazinduliwa Februari 2021, barabara tatu juu kwa juu. Zuri, nalisifu, ile makutano ilikuwa jehanamu. Lakini gari likishapita pale linakwenda kusimama Shekilango, Manzese au Magomeni, na wanaokunja kuingia Barabara ya Mandela nao wanasimama huko mbele. Mvua ikinyesha vizuri, Jangwani inajaa maji na barabara inafungwa, hapo hata uwe na njia ishirini huko Kibamba hazina maana.

Msidhani ni sisi tu. Wenzetu wa Nairobi, Thika Road ilifunguliwa na Rais Kibaki Novemba 2012, kilomita 50 hivi, njia nane na barabara za pembeni. Ruiru na Juja zikaota magorofa, na mtu wa Kahawa leo bado anakaa kwenye jam ya Muthaiga na Pangani. Mwaka 2022 wakafungua barabara ya juu kutoka Mlolongo hadi Westlands, kilomita 27, ya kulipia. Mwenye hela ya tozo anapita juu, wa matatu anabaki chini.

Marekani ambako tunapenda kuiga ndiko walikojaribu mpaka mwisho. Houston, barabara ya Katy Freeway ilipanuliwa kati ya 2003 na 2008 kwa dola bilioni 2.8 hivi, sehemu nyingine ikafika njia 26 ukihesabu na za pembeni. Kati ya 2011 na 2014, muda wa safari ya jioni ukaongezeka kwa zaidi ya asilimia 50. Njia 26! Na wachumi wawili, Duranton na Turner, walichapisha utafiti mwaka 2011 kuhusu miji ya Marekani: ukiongeza kilomita za njia kwa asilimia fulani, kilomita zinazoendeshwa na magari zinaongezeka karibu kwa asilimia hiyo hiyo. Utafiti huo upo wazi, wahandisi wetu wameusoma vyuoni. Kwa nini kila mradi mpya unaletwa kwetu kama vile hakuna anayejua hili?

Fanyeni hesabu pamoja nami. Njia moja ya barabara kuu, mambo yakienda vizuri kabisa, bila mataa wala ajali, inapitisha kama magari 2,000 kwa saa. Gari dogo asubuhi lina dereva na labda mtu mmoja, tuseme mtu mmoja na nusu kwa wastani. Hao ni watu 3,000. Njia hiyo hiyo ukiipa mabasi marefu yale ya mwendokasi yanayobeba watu 140 hivi, basi moja kila dakika, unapitisha watu 8,400. Lami ni ile ile.

Sasa tukumbushane. Mwendokasi ilianza Mei 2016 kutoka Kimara. Mpango wa awamu ya kwanza ulitaka mabasi 305. Ilianza na 140. Njia za basi peke yake, pamoja na vituo vyake, ziliishia Kimara wakati watu wanahamia Mbezi, Kibamba na Kibaha. Anayesimama Kimara Mwisho asubuhi anajua kinachotokea: mlango unafunguka, watu wanapigana vikumbo, mjamzito anarudi nyuma. Mtu akiteseka hivyo mwaka wa kwanza na wa pili, akipata hela kidogo tu ananunua gari. Mnamlazimisha kununua, halafu mnamwambia magari yamezidi, halafu mnapanua. Na reli je? Oktoba 2012 tulipata treni ya abiria ya Ubungo Maziwa kwenda Stesheni, tukaiita treni ya Mwakyembe, kwa jina la waziri wa uchukuzi wa wakati ule. Watu waliipanda mpaka milangoni. Ile hamu ya wananchi kuacha barabara ilionekana kwa macho, na haikufanywa kuwa msingi wa usafiri wa jiji hili.

Kinachonichoma zaidi ya yote ni watoto. Basi la shule linapita mtaani kwetu saa kumi na moja alfajiri, giza, kuchukua watoto wa chekechea. Wanalala kwenye viti vichwa vimening'inia. Wanarudi jua linazama. Mtoto wa miaka mitano anafanya masaa ya barabarani sawa na dereva wa lori. Sisi wakubwa tunakatwa mshahara kwa kuchelewa, tumezoea, lakini huyu mtoto ametukosea nini?

NYONGEZA baada ya kusoma majibu yenu:

Kuna ndugu ameandika "bila kupanua ingekuwa mbaya zaidi". Mkuu, mara ya ngapi tunaambiwa hivyo? Toa vipimo. Dakika za safari Kibaha hadi Posta kabla ya 2018, dakika za leo, na idadi ya watu waliopita, si idadi ya magari. Kama zipo, ziwekwe hadharani na mimi nitazisoma kwa heshima.

Mwingine anasema nihame nikakae karibu na kazi. Dada yangu, kwa kodi ya nyumba ya Upanga?

Na wewe unayesema napinga maendeleo: sitaki barabara iachwe na mashimo. Nataka kabla ya kumwaga lami nyingine, njia moja kila upande kutoka Kibaha mpaka Kimara iwe ya mabasi peke yake, na mabasi yawepo kwa idadi inayotakiwa. Nataka pale Mbezi Luis mtu aweze kuacha gari lake salama kwa bei nafuu apande basi. Nataka vibali vya kupima viwanja Mlandizi viulizwe: hawa watu watafanya kazi wapi, shule zao zipo wapi? Tayari tunasikia mipango ya barabara ya kulipia Kibaha–Chalinze. Ikija, itamwaga magari Kibaha kwa kasi zaidi. Yakifika Kimara yanapita wapi?

Wabunge wa Ubungo, Kibamba na Kibaha Mjini wanaingia bungeni kila kikao cha bajeti. Nawaomba wenzangu wa majimbo hayo, kila mmoja amuulize wake swali moja kwa maandishi: kipande cha Kimara–Kibaha kimepunguza dakika ngapi za safari, na kwa watu wangapi? Jibu mkilipata liwekeni hapa. Mkinyimwa, liwekeni pia.