Mrejesho: marhamu ya nta ya nyuki iliyokuwa ngumu kama mshumaa

Niliuliza kwa nini marhamu ya nta kwa visigino vilivyokauka inakuwa ngumu, ina chembechembe, na asali inazama chini. Ahsanteni sana wakuu, imekaa sawa.

Ugumu ulikuwa kipimo: nta gramu 50 kwa mafuta mililita 100 ni nyingi mno. Sasa ni gramu 20 kwa mafuta ya alizeti yaleyale.

Chembechembe zilitokana na kumimina mafuta baridi juu ya nta iliyoyeyuka. Inaganda papo hapo. Weka vyote pamoja kwenye bakuli juu ya sufuria ya maji ya moto, moto mdogo. Nta huyeyuka nyuzi 62 hadi 64. Usiibandike jikoni moja kwa moja, inashika moto! Kabla ya kumimina kwenye vikopo, chovya kijiko, kiache kipoe, bonyeza kwa kidole. Ikikatika kama mshumaa, ongeza mafuta kijiko cha chai.

Asali nimeitoa kabisa. Ni maji na sukari, haichanganyiki na mafuta hata ukoroge vipi.

Mwenye kisukari na kisigino kilichopasuka hadi damu aende kituo cha afya, asipake hii.