Pink Floyd sio mtu na wala sio rangi, acheni kuwafuta wazee wa watu!

Wakuu nimechoka aisee, leo lazima niseme. Juzi nimecheza chemsha bongo ya muziki, likaja swali jina la Pink Floyd, ile bendi ya roki ya Uingereza, lilitoka wapi, nikajibu limetokana na majina ya wapiga gitaa wawili wa bluzi wa Marekani, nikapewa KOSA. Jibu lao eti Pink ni mwimbaji wa kwanza wa bendi. Nikabisha, nikaambiwa nisiwapotezee watu muda. Pointi ikaenda, na wote waliokuwepo wameondoka na uongo kichwani.

Kwenye ile bendi hajawahi kuwepo mtu anaitwa Pink. Kulikuwa na Syd Barrett, Roger Waters, Richard Wright na Nick Mason, baadaye akaja David Gilmour. Swali la Pink ni yupi lilishawachosha wenyewe tangu enzi hizo, mpaka wakalitia kwenye wimbo mwaka 1975, na bado watu mnalirudia tu.

Ilikuwa hivi. Mwaka 1965 walikuwa wanajiita Tea Set, siku moja wameenda kupiga shoo wakakuta kuna bendi nyingine hapo hapo ina jina hilo hilo, ikabidi watafute jina fasta. Barrett alikuwa mpenzi wa bluzi, na nyuma ya kava la santuri ya Blind Boy Fuller, mwanabluzi wa Marekani, kulikuwa na maelezo yanayotaja wanamuziki wa kule Carolina, wakiwemo Pink Anderson na Floyd Council. Akachukua Pink, akachukua Floyd, kwisha. Mwanzo ilikuwa The Pink Floyd Sound, ikapunguzwa kidogo kidogo mpaka ikabaki hivi tunavyoijua.

Sasa kinachoniuma zaidi ni nyie mnaojua halafu mnasema tu "wazee fulani wawili wa bluzi" mnapita. Fulani? Pink Anderson jina lake ni Pinkney, ndio maana nasema hiyo sio rangi, kazaliwa 1900 South Carolina na tangu bado kijana mdogo alikuwa anazunguka na muuza dawa wa kienyeji, yule anauza chupa zake na Pink anapiga gitaa, anacheza, anachekesha watu ili wasogee wanunue, na kazi hiyo kaifanya kama miaka 30 jamani. Kurekodi mara ya kwanza ni 1928 Atlanta, akiwa na Simmie Dooley, kipofu aliyemfundisha kazi, halafu akakaa zaidi ya miaka 20 bila kurekodi tena. Floyd Council naye ni wa 1911, mtu wa Chapel Hill, North Carolina, alipiga gitaa mitaani na huyo huyo Fuller na 1937 wakarekodi New York. Uzeeni akapata kiharusi, misuli ya koo ikapooza kiasi, mwimbaji mzima.

Na hili ndio linanikosesha usingizi. Albamu ya Pink Floyd, The Dark Side of the Moon, imetoka 1973, imeuzwa mamilioni kwa mamilioni dunia nzima, na wazee wote wawili WALIKUWA HAI. Pink kafariki 1974, Floyd 1976. Majina yao yalikuwa kwenye kila duka la santuri, wao wenyewe hakuna anayewajua!! Simlaumu Barrett, alikuwa kijana anayependa muziki wao na bila yeye hata mimi nisingewatafuta. Nawalaumu nyie mnaoandika makala na kutengeneza video leo, na kila kitu kipo kinasomeka, mnashindwa nini kuandika majina mawili kamili?

Aliyetunga lile swali kama yupo humu arekebishe jibu, pointi yangu abaki nayo. Na kama kuna mdau ana ile santuri ya Fuller, naomba apige picha nyuma ya kava aiweke hapa chini, pale penye yale majina pasomeke vizuri.