Kukwea ukuta au mchezo wa upanga?

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari za mihangaiko.

Naomba ushauri. Tangu nihamie huku maisha yangu ni kazini nyumbani, nyumbani kazini. Daktari kasisitiza niushughulishe mwili, na kukimbia kumenishinda, nachoka roho kabla ya miguu. Karibu na ninapokaa kuna ukumbi wa kukwea kuta, ile bolda isiyo na kamba, na kuna klabu ya fensingi, yaani mchezo wa upanga. Umri umevuka 35, kazi yangu ni ya zamu, na lugha ya hapa bado naibabaisha. Mngekuwa nyinyi mngeenda wapi?

*

Marahaba dada. Mimi ni mtu wa upanga, kwa hiyo nisikilize ukijua nina upande.

Tazama kwanza ratiba yako. Upanga hauchezwi peke yako, unahitaji mpinzani na kocha, na klabu ina siku na saa zake. Kozi ya wanaoanza inakwenda kwa hatua: ukikosa vipindi viwili unarudi wenzako wanajifunza kukinga na kujibu, wewe bado unahangaika na jinsi ya kusimama. Kama zamu zinakuhamisha kila wiki, jambo hilo litakuudhi. Ila ratiba hiyohiyo inayobana ndiyo inayokupa watu. Unakutana na sura zilezile kila wiki, usipoonekana wanakuulizia, na kwa mgeni hilo si dogo.

Lugha isikutishe. Amri za uwanjani ni za Kifaransa katika mashindano ya kimataifa na katika klabu nyingi: «en garde», «prêts», «allez», «halte». Hata wazawa wa hapo wamezikariri kama utakavyozikariri wewe. Uamuzi mwamuzi anauonyesha kwa mikono.

Silaha ziko tatu, na kuchagua silaha ni karibu kama kuchagua mchezo. Foili inalenga kiwiliwili tu. Seba inalenga kuanzia kiunoni kwenda juu, kichwa na mikono ikiwemo, na pigo la makali linahesabiwa sawa na la ncha. Katika hizo mbili mkigusana pamoja, mwamuzi anaangalia nani alikuwa na haki ya kushambulia, na mgeni anaweza kumaliza miezi akibishana na maamuzi asiyoyaelewa. Epe haina mzozo huo. Mwili mzima ni shabaha, kuanzia utosini hadi unyayoni, anayegusa kwanza kapata, na mkigusana kwa wakati mmoja kila mtu anachukua mguso wake. Kwa mtu mzima anayeanza ningesema epe bila kusita, maana subira inalipa kuliko mbio. Utaona mwenyewe: anayeanza hutamani kifua cha mwenzake, anarusha mkono wote, kifundo kinabaki wazi. Mzoefu hasogei hata hatua. Ananyoosha ncha kidogo tu, taa ya kuonyesha mguso inawaka, na wewe bado uko safarini.

Pambano la hatua ya makundi, mtu kwa mtu, ni dakika 3 au miguso 5. Kwa kusikia ni kidogo, lakini utatoka umelowa chapachapa na paja la mguu wa mbele linawaka moto.

Usinunue kitu mwanzoni, klabu nyingi huazima vifaa. Cha kwanza kumiliki ni glavu, kwa sababu za pua. Wanawake wanavaa kinga ngumu ya kifua chini ya koti, hakikisha wanayo ya saizi yako. Na kama unatumia mkono wa kushoto sema mapema, koti na mpini ni tofauti.

*

Kaka kafafanua vizuri, ila kazi ya zamu kaipita kama mtu anayevuka barabara. Dada, mtu wa zamu mara nyingi anapona kwenye bolda. Unaingia saa unayoweza, hakuna kipindi ulichokosa.

Kuta za ndani huwa na kimo cha kama mita 4 hadi 4.5, chini kuna magodoro mazito. Njia zinatofautishwa kwa rangi na ugumu, na baada ya wiki kadhaa zinang'olewa zinawekwa mpya. Wanaume wenye misuli wanakuja wanajivuta kwa mikono, baada ya muda mfupi wako hoi chini, huku mama mmoja mwembamba anapita njia ileile akisukuma kwa miguu. Na watu huko wanapumzika zaidi ya wanavyokwea. Mmekaa mnakodolea ukuta uleule, mtu anainua mikono hewani kuonyesha angeshika wapi, mazungumzo yameshaanza, na sarufi haina kazi.

Hatari ni mbili. Ya kwanza kuanguka: tua kwa miguu yote miwili, magoti yakunjwe, ujilaze nyuma, na usitangulize mikono. Usipite wala kukaa chini ya anayekwea. Ya pili ni vidole. Misuli inapata nguvu haraka, kano zinachelewa, kwa hiyo vishikio vyembamba vile vya ncha za vidole viache kwanza hata kama unajiona una nguvu. Kucha fupi, pete zote vua. Pete ikinasa unapoanguka inaweza kuondoka na ngozi ya kidole.

Kabla ya kuingia utapewa fomu ya kusaini. Ni mkataba huo, usome. Uulizie kama uanachama unajirudia wenyewe mwezi ukiisha na unasitishwaje, na kama bima yako inagharamia majeraha ya michezo. Hayo muulize kaka wa upanga naye, hajasema.

*

Ahsanteni sana. Nasubiri ratiba mpya ya zamu. Nikipewa jioni zisizobadilika naenda kwenye epe, nikinyimwa naenda ukutani. Mkono wangu ni wa kushoto kweli! Shida ni pete ya ndoa, haivuki kiungo cha kidole tangu nijifungue.

*

Mkono wa kushoto? Dada njoo kwetu, wapinzani wako watakuchukia.

*

Sabuni na maji baridi, mkono umeinua juu dakika chache kwanza. Ikigoma, sonara ana kikata pete, na ataiunganisha tena. Ukutani usipande nayo.