Majirani wa Himbi, Goma: jiko la Mama Neema

Mama Neema, 07:14
Jambo wote, mumeamuka? Naomba msaada wa haraka. Jiko limefika jana jioni: maduara manne ya induksyo (yanayopasha sufuria kwa sumaku) juu, fuuru (oveni) chini. Kibandiko cha nyuma kinasema 220–240 V, 10.4 kW. Halikuja na kabla (waya wake wa umeme). Kijana aliyelileta anasema atalifunga kwenye prizi ya frigo leo saa tisa. Nimwache?

Fundi Kasereka, 07:16
Usimwache, Mama Neema. 10.4 kW gawanya kwa 230, unapata ampea 45. Prizi ya frigo ni ya ampea 16, na waya uliomo ukutani ni wa 2.5 mm², nyumba zingine hata 1.5. Dijonkteri (swichi inayokata umeme ukizidi) ikiwa nzima itaanguka kila ukiwasha duara la pili. Ikiwa mtu aliwahi kubadilisha akaweka kubwa kuliko waya, haitaanguka, na hapo waya utapikwa ndani ya ukuta kabla ya sombe yako.

Fundi Kasereka, 07:17
Nenda kwenye konteri (mita ya umeme), soma namba iliyoandikwa kwenye dijonkteri kubwa. C16, C25, C32, kitu kama hicho.

Mama Neema, 07:25
C25.

Fundi Kasereka, 07:31
Basi nyumba nzima ina 25 × 230, yaani 5750 W, na humo frigo, pasi na taa vinakula pia. Hiyo 10.4 ni pale kila kitu kinawaka kwa nguvu yote, haitokei kila siku. Lakini maduara mawili kwa nguvu kubwa pamoja na fuuru yanapita 5750 bila shida.
Angalia kitabu chake sehemu ya kufunga, siyo sehemu ya kupika. Majiko mengi ya induksyo yana mpangilio wa kupunguza nguvu ya jumla: unachagua 2.8, 3.5, 4.5 kW na kuendelea, jiko lenyewe linagawia maduara. Aina nyingi zinakubali kubadilisha hiyo dakika chache tu baada ya kupewa umeme mara ya kwanza, kisha zinajifunga. Njo maana mtu asiyesoma kitabu asiliguse kwanza. Soma pia kama hesabu hiyo inashika fuuru au maduara peke yake. Fuuru peke yake inaenda 2 hadi 3 kW.

Papa Amani, 07:40
Naongeza hapo, maana majiko haya huwa yanaletwa kwangu yakiwa yameshaungua. Nyuma kuna borniye (mahali pa kufunga nyaya) ya skrubu, mara nyingi sita: tatu za fazi (waya wenye moto), mbili za netri (waya wa kurudisha umeme), moja ya ardhi. Jiko limetengenezwa likubali fazi moja au tatu. Kwa fazi moja kama yako, unaunganisha 1, 2 na 3 pamoja, halafu 4 na 5 pamoja, kwa vile vipande vidogo vya shaba vinavyokuja kwenye kimfuko cha plastiki. Fuata mchoro uliobandikwa pale pale nyuma, usifuate kumbukumbu ya fundi.
Kosa linaloua kadi za elektroniki za ndani: nyumba ina fazi tatu, mtu anachukua waya mbili akidhani moja ni netri, kumbe zote ni fazi. Jiko linapata 400 V badala ya 230. Haichukui hata sekunde. Kupima ni lazima KABLA ya kufunga.

Fundi Kasereka, 07:44
Hapo hapo. Kwa Mama Neema: kabla ya shaba 3 × 6 mm², moja kwa moja kutoka kikasha cha dijonkteri hadi jiko, hakuna kuungia njiani kwa skochi. Hiyo 6 mm² inabeba hadi dijonkteri ya 32, ili siku utakapoomba kuongezewa ampea usivunje ukuta tena. Na kwenye soko chunga: kuna kabla ina rangi ya shaba juu lakini ndani ni aluminiamu. Kwaruza waya kwa kisu. Ukiona nyeupe, rudisha.

Tantine Riziki, 07:52
Na ardhi, Fundi? Mimi nasikia watu wanasema jiko "linatekenya" vidole ukigusa pembe ya chuma.

Fundi Kasereka, 08:03
Hiyo ni jiko lisilofungwa ardhi. Ndani yake kuna chujio lenye kondensa zinazopeleka umeme kidogo kwenye mwili wa chuma ili ushuke ardhini. Ardhi ikikosekana unabaki pale, unaweza kupima volti mia na kitu kwenye pembe. Mkono mkavu unatekenywa tu. Ila siku chujio likiharibika, au waya ukigusa chuma, siyo tekenya tena.
Shida yetu Goma ni jiwe. Lava haipitishi umeme vizuri, na piketi (fimbo ya ardhi) ya mita moja na nusu inagonga mwamba ikiwa bado nusu nje. Fundi mvivu anaikata kwa msumeno na kuifunika kwa mchanga. Kwa macho ardhi ipo, kwa kipimo haipo. Piketi moja ikigoma, chimba mtaro kuzunguka nyumba, laza waya mtupu wa shaba wa 25 mm², jaza udongo mweusi au mfinyanzi, siyo changarawe ya lava, na mahali penye unyevu, kwa mfano karibu na shimo la maji ya kuogea. Kisha pima. Chini ya omu 100 naridhika.
Na juu ya hiyo weka diferansieli (inayokata umeme unapovuja) ya 30 mA. Iwe tipe A, siyo AC. Kadi za induksyo zinaweza kuvujisha umeme usio wa mawimbi kamili, na tipe AC inaweza kutouona.

Koko Vumilia, 08:10
Wajukuu, mimi naelewa nusu. Naomba kujua: sufuria zangu zitafanya kazi?

Tantine Riziki, 08:15
Koko, shikamoo. Chukua sumaku, hata ya mlango wa frigo, bandika chini ya sufuria. Ikishika kwa nguvu, sawa. Ikianguka, hapana. Zile sufuria nzito zinazoyeyushwa hapa kwetu ni aluminiamu, hazifanyi kazi, hata ziwe mpya. Chungu cha udongo hapana. Chuma cheusi kizito ndiyo. Inoksi nyingine ndiyo, nyingine hapana, kwa hiyo tembea na sumaku sokoni, usikubali maneno ya muuzaji.
Sababu yake: chini ya kioo kuna nyaya za shaba zilizozungushwa kama ingata. Zinatoa mawimbi ya sumaku, mawimbi yanaamsha umeme ndani ya chuma cha sufuria, na chuma kinapata moto chenyewe. Kioo kinapashwa na sufuria, siyo sufuria na kioo.

Tantine Riziki, 08:18
Matako ya sufuria yawe bapa. Weka rula chini yake: mwanga ukipita katikati, itachelewa, italia, na mafuta yatakimbilia upande mmoja. Kwa duara dogo sufuria iwe na upana wa sentimita 12 angalau, la sivyo jiko halitaiona.

Mama Neema, 08:20
Na ile sahani ya chuma wanayouza ya kuweka chini ya sufuria ya aluminiamu?

Papa Amani, 08:24
Inafanya kazi vibaya. Sahani inapata moto mkali, inautoa polepole kwa sufuria na upesi kwa kioo. Unapoteza umeme, na joto linarudi chini kwenye kadi. Kwa kupasha chai kwa nguvu ndogo, sawa. Kwa maharagwe ya saa mbili, hapana. Nunua sufuria mbili nzuri, acha sahani.

Yaya Furaha, 08:41
Bugali je? Hapo ndipo mabishano yalipo kwetu 😅

Tantine Riziki, 08:50
Bugali usiisongee juu ya kioo. Mwiko unasukuma, sufuria inazunguka, na punje moja ya mchanga ikiwa chini yake inachora kioo kama msumari. Huu mchanga wetu mweusi ni mkali, unaingia na viatu na upepo.
Fanya hivi: chemsha maji kwa nguvu kubwa, shusha hadi 5 kati ya 9, weka unga wa uji mzito kwanza, acha uive dakika 3. Ondoa sufuria, iweke chini juu ya ingata ya kitambaa kilicholowa kidogo, ishike kwa miguu kama siku zote, songa. Jiko litapiga alama ya kutokuona sufuria na baada ya muda kidogo litajizima. Usiogope, ndivyo lilivyo. Pangusa matako ya sufuria kwa kitambaa kikavu, rudisha, washa 2, funika dakika 5.
Ile kupangusa ndiyo watu wanasahau.

Yaya Furaha, 08:53
Na yangu, ile ndogo ya mezani, nikiweka 2 uji unaungua halafu unapoa halafu unaungua.

Papa Amani, 08:58
Plaki nyingi za bei ndogo hazijui nguvu ndogo ya kweli. Ukiomba 400 W zinatoa 1000 W sekunde chache, zinazima, zinarudia. Dawa ni sufuria yenye matako mazito, inameza hayo mapigo. Kwa uji wa mtoto weka sufuria ndogo ndani ya kubwa yenye maji.

Koko Vumilia, 09:05
Linashinda makala (mkaa) kweli?

Tantine Riziki, 09:12
Koko, lita 1 ya maji hadi ichemke ni kama 0.1 kWh, dakika 3 au 4 kwa 2000 W. Chukua risiti yako, zidisha bei ya kWh moja kwa 0.1, linganisha na makala unayowasha kwa chai. Kwa chai, mchele, sambaza za kukaanga, linashinda. Maharagwe ni hesabu nyingine. Hapa tuko mita 1500 juu ya bahari, maji yanachemka kwenye digrii 95 hivi, siyo 100, njo maana maharagwe yanachelewa Goma kuliko pwani. Loweka usiku kucha, mwaga maji, pika kwenye sufuria ya presha yenye matako ya chuma. Ikianza kupiga filimbi shusha hadi 3. Kuongeza nguvu baada ya hapo hakuivishi haraka, kunatoa mvuke tu.
Na mafuta: kamwe usitumie kile kitufe cha P, cha nguvu ya juu kabisa. Hicho ni cha maji. Mafuta machache kwenye sufuria nyepesi yanaweza kushika moto ukiwa bado unamenya kitunguu. Anza na 6. Yakiwaka: zima, funika na kifuniko, usisogeze, usimwage maji.

Koko Vumilia, 09:15
Na mzee wangu ana ile mashine ya moyo kifuani.

Fundi Kasereka, 09:19
Koko, asimame mbali na jiko linalowaka, sentimita 60 kati ya kifua na duara. Asiiname juu yake kukoroga. Na amuulize daktari aliyemwekea kabla hamjanunua.

Papa Amani, 09:33
Sasa yanayoharibu majiko, nisipoandika mtaniletea yote 😂
Voltaji. Jioni watu wote wanapika inashuka, usiku inapanda, na umeme ukirudi baada ya kukatika unakuja na kishindo. Regileta ya kubeba jiko zima ni nzito na bei yake inakaribia ya jiko. Bora rele ya kulinda voltaji ya ampea 63, inayobanwa kwenye reli ya kikasha: ikate chini ya volti 190 na juu ya 250, isubiri sekunde 180 kabla ya kurudisha. Umeme ukikatika na huna rele, shusha dijonkteri ya jiko, subiri dakika 5 baada ya kurudi.
Feni. Ukimaliza kupika inaendelea kuzunguka, inapoza kadi. Watu wanashusha dijonkteri papo hapo kubana inite za umeme. Hiyo feni inakula kidogo sana. Iache isimame yenyewe.
Mende. Wanapenda joto la nyuma. Mmoja tu akilala kati ya nukta mbili za kadi, fuzi inakwenda na transista kubwa za nguvu zinakwenda nayo. Fundi akibadilisha fuzi peke yake italipuka tena, kwa sababu transista bado imeungana. Weka dawa ya unga pembeni ya ukuta, usipulize ya maji kwenye matundu.

Mama Neema, 09:36
Kusafisha?

Tantine Riziki, 09:48
Subiri herufi H (alama kwamba kioo bado ni moto) izimike. Kitambaa laini, maji ya uvuguvugu, tone la sabuni. Alama nyeupe za maji: siki kidogo, pangusa, kausha. Iliyoungua: kwaruzo la wembe, lilaze kama unanyoa ndevu, kama digrii 30. Chuma cha kusugulia, unga wa kusugulia, majivu: hapana.
Sukari peke yake haisubiri. Uji wenye sukari ukimwagika, au karameli, au mfuko wa plastiki ukiyeyuka: zima, kwaruza pale pale kungali moto, na glavu mkononi. Ukingoja ipoe inashikamana na kioo na kung'oka na vipande vyake. Kwenye fuuru usitandike karatasi ya aluminiamu chini, inashika kwenye enameli na haitoki.
Kioo kikipata ufa hata wa unywele, shusha dijonkteri. Maji ya mchuzi yanapita hapo hadi kwenye nyaya.

Mama Neema, 10:02
Asante sana. Nimemwambia kijana asije. Fundi, unaweza lini?

Fundi Kasereka, 10:04
Leo saa tisa, na mashine ya kupimia ardhi. Kile kimfuko cha vipande vya shaba kiko wapi?

Mama Neema, 10:20
Watoto walikifungua. Nimeona viwili.

Papa Amani, 10:21
Vinatakiwa vitatu: 1-2, 2-3, 4-5. Msiweke kipande cha waya mwembamba badala yake.

Mama Neema, 10:47
Cha tatu kimeonekana. Neema alikiweka kwenye kopo la chumvi.

Fundi Kasereka, 10:48
Kioshe, kikaushe vizuri. Chumvi na shaba hazipatani.