Mbona bei za mazishi zinapishana hivi? Kuchoma ni nafuu kweli?

mjukuu_wa_busia: Wadau naombeni msaada, mzee wetu ametutoka hapa Nairobi na kampuni mbili tulizouliza bei zao zinapishana karibu mara mbili. Wengine kwa familia wanasema tumchome yaishe, wengine hawataki hata kusikia. Tofauti inatoka wapi?

Shosh wa Rongai: Pole sana mjukuu. Usiangalie jumla, waambie waandike kila kitu kando, mochari ni kwa siku, dawa ya kuhifadhi, jeneza, gari, ile mashine ya kushushia jeneza, maana mwingine anakutajia bei ndogo halafu gari ni juu yako. Na kama mnazika Busia gari mnalilipia kwenda na kurudi likiwa tupu. Mochari ndio inakula watu, kamati inakaa wiki mbili ikichanga na bili inapanda tu.

fundi_mbao: Kuchoma kunaokoa shamba, saruji na safari. Jeneza la mahogany la kazi gani na linaingia motoni? Prof. Wangari Maathai alichomwa kwa tanuri la Kariokor hapa Nairobi 2011 na jeneza lake lilikuwa la mwanzi, mafunjo na magugu maji. Ila mochari na pamiti, yaani kibali, ziko palepale, na kama mzee alikuwa na pesmeka, kile kifaa cha kusaidia mapigo ya moyo, itolewe kwanza, betri hulipuka.

mjukuu_wa_busia: Asanteni. Kumbe ile ya bei rahisi haina gari kabisa 😩

Shosh wa Rongai: Si nilisema.