Mahekalu ya Dieng kule Java: kwenda na kurudi siku moja na mama wa miaka 68, inawezekana?

BintiSafari

Habari za humu. Mwezi wa saba nitakuwa Yogyakarta, Indonesia, na mama yangu kwa siku sita. Borobudur na Prambanan, yale mahekalu makubwa, tumeshazipanga. Sasa mama ameona picha ya mahekalu ya Kihindu ya Dieng, yale ya mlimani kwenye ukungu, na hataki kusikia lingine. Ana miaka 68. Pumzi anazo kunishinda, ila goti la kulia linamsumbua akipanda ngazi. Hotelini wanatushawishi tuchukue safari ya siku moja: kuondoka alfajiri, kurudi jioni. Kuna aliyefika? Au tutaishia kukaa garini tu? Na baridi ikoje?

Kijiti_cha_Njiani

Baridi usiichezee. Ni juu kule, kama mita 2,000, na mwezi wa saba ni kiangazi: usiku mbingu haina wingu, alfajiri unakuta majani yameganda. Wenyeji wanauita umande huo *embun upas*, umande wa sumu, maana unaunguza viazi shambani. Chukueni glavu. Mimi sikuwa nazo, nikavaa soksi mikononi. Picha ninazo, sionyeshi mtu.

MwashiMzee

Binti, mpe mama salamu zangu, na mwambie ana jicho.

Dieng nimefika mara mbili. Mara ya kwanza nilifanya hiyo hiyo ya siku moja. Tulitoka Yogyakarta giza totoro, tukapita mji wa Wonosobo, kisha kona juu ya kona hadi juu, jamaa wa kiti cha nyuma akitapika kwenye mfuko. Tunafika mchana, ukungu umeshashuka. Dereva akatupa dakika arobaini. Nikaona ukuta mmoja mweusi na migongo ya watu wanaopiga picha. Nikarudi nikitangaza kwamba Dieng hakuna kitu.

Mara ya pili nililala kijijini usiku mbili, na saa kumi na mbili asubuhi nilikuwa nimesimama mbele ya mawe peke yangu. Hapo ndipo nilipoyaona.

Kwanza, msitegemee Prambanan. Haya ni madogo. Kundi la Arjuna lina mahekalu matano: Arjuna, Srikandi, Puntadewa na Sembadra yamejipanga mstari mmoja yakitazama magharibi, na Semar, kijumba kifupi kipana, kimekaa mbele ya Arjuna kinamkodolea macho. Majina si ya waliojenga. Watu wa baadaye waliyapachika kutoka Mahabharata, utenzi mrefu wa kale wa India, kama walivyoijua kwenye michezo yao ya vivuli. Semar hata kwenye Mahabharata ya India hayumo. Ni mtumishi mchekeshaji wa Kijava, wakampa nyumba yake kati ya wakubwa. Hilo lilinifurahisha kuliko mengi.

Mimi ni mwashi, miaka 31 na nyundo na timazi, kwa hiyo naangalia viungo. Kati ya jiwe na jiwe hakuna chokaa. Ni jiwe la volkano lililochongwa likakaa juu ya mwenzake, basi. Ingieni ndani ya Arjuna, watu watatu mmejaa, halafu inueni vichwa. Kila mstari wa mawe umesogezwa ndani kidogo kuliko ule wa chini yake, pande zote nne, mpaka unakutana juu. Hawakujenga tao. Ndiyo maana vyumba ni vidogo: kwa ufundi huo, ukitaka chumba kipana lazima upande juu sana, na uzito unakuwa mkubwa. Nilikaa humo nimeinua shingo mpaka mlinzi akaja kuchungulia, nadhani alifikiri nimezimia.

Kisha nendeni nje ya Srikandi. Kuta zake zimechongwa miungu watatu: Vishnu kaskazini, Shiva mashariki, Brahma kusini. Wamelika sana. Lakini mwezi wa saba jua la huko linachomoza likiegemea kaskazini, basi mapema asubuhi linakwaruza ule ukuta wa Vishnu kwa ubavu, na michoro unayodhani imeshafutika inatoka yote. Jua likipanda, inarudi kuwa jiwe. Safari ya siku moja hailioni hilo.

Umri wake? Kuna maandishi yaliyopatikana pale yenye mwaka 809, na majengo yenyewe huhesabiwa kuwa ya karne ya 7 na ya 8, kati ya ya kale kabisa yaliyosimama Java. Uwanda wote yamebaki manane tu. Bonde lile linakusanya maji, na wa kale walichimba mtaro wa kuyatoa, ambao wenyeji wanauita Gangsiran Aswatama. Watu walipoondoka, mitaro ikaziba, mahekalu yakabaki ndani ya maji, mpaka karne ya 19 yalipokaushwa tena. Fundi yeyote atakwambia: jengo halifi kwa jiwe, linakufa kwa maji.

Goti la mama: uwanja wa Arjuna ni tambarare, atatembea. Vipandio vya milangoni ni vichache ila virefu, mshike mkono. Mlima wa Sikunir wa kutazama macheo, mwache alale.

Nusu_Tiketi

Mzee ameongea, ila mimi nilienda siku moja na sijutii. Siri ni kuondoka saa sita usiku, siyo alfajiri. Kwa mama wa miaka 68 lakini, hapana, hiyo ni adhabu.

Nyongeza: msikose hekalu la Bima, liko peke yake kusini. Paa lake lina vidirisha, na ndani ya kila kidirisha kuna uso unachungulia nje. Na karibu yake kasoko ya Sikidang, tope linachemka na kunuka mayai viza. Msitoke kwenye njia. Mwaka 1979 gesi ilitoka ardhini upande wa Sinila, uwanda huo huo, ikaua watu zaidi ya 140 waliokuwa wakikimbia. Haina rangi, inatambaa mabondeni.

BintiSafari

Asanteni sana. Nimemsomea mama yote. Tunalala usiku mbili. Ya gesi ameiruka, ya Semar amenirudishia mara mbili. Anauliza: je, bado watu wanasali humo?

MwashiMzee

Wanakijiji ni Waislamu. Ile asubuhi yangu adhana ilipigwa nikiwa njiani gizani, sauti ikazunguka bonde zima. Lakini mara moja moja Wahindu huja kufanya ibada, na siku niliyoondoka nilikuta maua mabichi kwenye kizingiti cha Arjuna, yamewekwa juu ya kijani cha jani la mgomba, na umande umeyagandia.

Gesti muulizie maji ya moto kabla hujalipa. Yangu walisema yapo. Hayakuwapo.