Naomba ushauri: kupiga picha ya MRI ya mgongo kwa pesa zetu, kisha kurudi hospitali ya serikali

Wana Kisumu, naombeni mwongozo. Mama anatibiwa mgongo hospitali ya serikali, na daktari wake hatutaki kumwacha. Humweleza kila kitu kwa Kijaluo, polepole, hadi aelewe. Shida ni foleni ya MRI. Mguu wa kushoto umeanza kufa ganzi, hata patipati humtoka bila yeye kujua. Nataka kulipia picha hospitali ya kibinafsi, kisha tumrudie daktari yule yule. Je, wataipokea filamu na ripoti ya nje, au wataagiza nyingine? Na kama SHA, bima ya afya ya serikali tunayolipia tangu ichukue nafasi ya NHIF Oktoba 2024, inaweza kusaidia, kibali chake cha kulipia picha huombwa na hospitali iliyoandika fomu ya kuagiza picha au inayopiga picha? Tafadhali msiniambie tuhamie kwa kibinafsi moja kwa moja. Ng'ombe wa kuuza hawapo. Aliyepitia haya anijibu.